Kapu la Mjomba Kibwana

Kibwana wa Kinole alikuwa amenuna, na kununa alikujua. Tangu Jumapili hakumsemesha mtu, isipokuwa migomba yake, nayo aliisema vibaya.

Sababu alikuwa nayo. Masista wa misheni walikuwa wamemchagua Felista, binti wa dada yake Yuliana, aende pwani kwenye shule kubwa ya kusomea ualimu. Kutoka milima ile hakuna aliyewahi kufika huko, si mvulana wala msichana. Sista Regina, Mdachi mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alimwita Petro, baba wa mtoto, akamwomba ruhusa. Petro akakubali palepale, akatoka anacheka hadi jino la mwisho.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Kumwomba Petro ruhusa hiyo ni kama kumwomba jirani mbuzi asiye wake. Petro mwenyewe alilijua hilo, ila furaha ilimsahaulisha, kisha aibu ikamzuia kumwendea shemeji yake.

Lakini chini ya ile hasira kulikuwa na hofu. Yuliana alizaa binti mmoja tu, na ukoo huendelezwa na wanawake. Felista akienda akanogewa na pwani, nyumba ya mama yao ingeishia hapo. Tena Kibwana alimpenda mno mtoto yule. Ni yeye aliyekuwa akimvusha mto mgongoni wakati wa masika, ili asikose shule ya misheni.

Asubuhi ya safari aliwasikia watu wakiteremka kwenda Morogoro kwenye gari la moshi. Hakutoka. Akaendelea kupalilia mahali alipokwisha kupalilia.

Mara majani yakatikisika. Felista alikuwa amegeuka njiani, akaupanda mlima peke yake, anahema, kapu tupu mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Gari litakuacha."

"Na liniache. Chakula cha safari hutoka shambani kwa mjomba. Nilimwambia mama asinifungie kitu."

"Baba yako si amekwisha kuruhusu?"

"Baba ananipenda. Lakini wa kunitoa nyumbani ni wewe." Akaliweka kapu mbele yake, akaketi chini. "Ukisema nibaki, nitabaki. Nitalia, lakini nitabaki."

Kibwana alijua anaweza kumzuia. Hata neno halikuhitajika, kunyamaza tu kungetosha. Akaitazama miguu ya mtoto iliyojaa tope, akakumbuka jinsi Felista alivyokuwa akimsomea herufi sikioni wakivuka mto, mpaka yeye asiyejua kusoma akazishika zote. Moyo ukamuuma, kisha ukalainika.

Akachukua panga, akakata ndizi, akang'oa magimbi, akaongeza mihogo, mpaka kapu likafurika. Akajitwika mwenyewe. Njia nzima alilalamika: mawe haya, jua hili, na Wadachi na magari yao yasiyojua kusubiri watu.

Wakalikuta gari bado linapakia kuni. Sista Regina akauliza mzee huyu ni nani.

"Ndiye uliyepaswa kumwomba, Sista," Petro alisema, macho chini. "Sikukwambia, nisamehe. Nawe nisamehe, shemeji. Mtoto ni wako."

Sista akamgeukia Kibwana, akamwomba upya, polepole, kwa heshima zote. Kibwana alifurahi sana, akajitahidi isionekane.

"Nimekubali," alisema.

Felista alipokwisha kupanda, mjomba akampitishia kapu dirishani. Mikono yake haikuliachia upesi.

"Chakula nimekupa," alisema. "Kapu nimekuazima. Ulirudishe mwenyewe."