Kiti cha Vipande Arobaini

Nimechoka, tusidanganyane. Siku ya nne hii napanda na kushuka ngazi, magoti yanalia, na mume wangu amekaa kwenye kigoda, jicho tunduni, ananiamuru kama jemadari.

Kazi yetu ndiyo hiyo tangu tuoane. Tunaning'iniza vipande vya mbao ukumbini kwa kamba: cha karibu ni kidogo kama kiberiti, cha mwisho kinanipita urefu. Ukipita katikati yake unaona takataka tu. Ukichungulia kwenye tundu la ubao ulio mlangoni, vyote arobaini vinaungana kuwa kiti kimoja cha jikoni. Yeye huchungulia, mimi husogeza. Wageni walikuwa waje saa tisa alasiri.

"Kulia kidogo," akasema. "Hapo hapo. Safi."

Sikuwa nimesogeza kitu. Nilikuwa najikuna shingo.

Nikakisukuma kipande cha mguu makusudi, kikaenda upande. "Na sasa?"

"Usikiguse tena, mama watoto. Kimekaa."

Nikashuka, nikaweka vidole viwili mbele ya tundu. "Ni vingapi?"

Akaliondoa jicho tunduni.

"Tangu lini?"

"Tangu ile kazi ya milango."

Mwaka na nusu. Na ile kazi watu waliisifu mpaka tukaona haya. Nilitaka kumtukana. Mtu mzima, macho yanakwisha, anaficha kama mtoto aliyevunja kikombe. Mficha uchi hazai, na methali hiyo anaijua kuliko mimi.

"Ungesema, tungekwenda kwa daktari."

"Nilikwenda. Amesema hayatarudi."

Nikakaa kwenye ngazi ya chini. Hasira iliniisha, uchovu ukabaki.

Baadaye nikamwinua, nikamshikisha kamba ya ule mguu, mimi nikakaa kigodani. Miaka kumi na tisa sijawahi kukaa pale.

"Kushoto," nikasema.

Akaenda kulia.

"Kushoto kwangu mimi."

"Kumbe hivi ndivyo nilivyokuwa nakutesa?"

"Kila siku."

Akacheka kidogo. Tukaendelea kamba kwa kamba, mimi naita, yeye anapapasa. Saa nane na nusu kiti kikasimama, kikubwa, kimejaa ukumbi mzima.

"Kimekaa," nikamwambia.

Akageuka nilipo, kamba bado mkononi.

"Hebu niambie kikoje," akasema.

Nikaanzia miguuni.