Kwanza Mayi, Papa Ange

Vumbi la Goma ni jeusi, Papa Ange, na halijui kutunza siri. Kila Jumamosi jioni, jua likishuka nyuma ya milima ya Masisi, nilisimama mlangoni kwetu Keshero nikilitafuta kwenye suruali yako. Likiishia kwenye viatu, umerudi kwa pikipiki: umeshinda. Likipanda mpaka magotini, umetembea kwa mguu kutoka Ndosho: umeshindwa. Nilikusoma kuanzia chini kwenda juu, na kabla sijafika usoni moyo ulikuwa umeshajua.

Poker ililetwa kwetu na rafiki yako Constant, seremala, mtu asiye na baya. Jumamosi mchana anafunga karakana yake ya Ndosho, anapangusa unga wa mbao mezani, anawaita wenzake, karata zinagawiwa. Hamkugusa karo, hamkugusa chakula. Mlichezea kile mlichokubaliana kuchezea, basi. Sikuwa na ugomvi na hilo. Mume wa mtu lazima awe na pa kwenda Jumamosi.

Ugomvi wangu ulikuwa na kile ulichorudi nacho moyoni.

Ukishinda, nyumba yetu haikukutosha. Uliimba tangu barabarani, ulinunua sambaza, visamaki vya ziwani, za kulisha jirani na jirani wa jirani, ulimrusha binti yetu Ange juu mpaka nikafumba macho, uliahidi, ukaahidi tena. Ukishindwa, hata salamu ilikuwa mzigo. Ulikaa ukiutazama ukuta, ukiicheza upya karata ileile kichwani, na mtoto akiangusha kijiko uligeuka kama mtu aliyetukanwa. Leo arusi, kesho matanga, na siku ya kawaida hatukuwa nayo.

Nikuambie ukweli? Niliogopa kushinda kwako kuliko kushindwa kwako. Kushinda kulimpa mtoto baba mtamu kupita kiasi, halafu wiki iliyofuata kukamnyang'anya.

Siku moja ulikuwa unafungua geti. Ange, mtoto wetu wa pekee, ambaye hata miaka saba hajatimiza, alisimama nyuma ya kitenge changu akiwa na mchoro aliotaka kukuonyesha. Hakunyanyua mguu. Alininong'oneza, "Mama, papa iko bien leo?"

Mtoto kuuliza kwanza kama baba yake yuko vizuri, kuomba ruhusa ya kumkimbilia! Niliumia, Papa Ange. Niliumia mpaka nikaanza kuchagua kichwani nguo za kutia kwenye sanduku, zake na zangu, tupande boti turudi kwetu Bukavu. Nikajiapiza: mtoto huyu akiendelea kuniuliza hivi, naondoka.

Jumamosi iliyofuata bomba la mtaa lilikuwa limekauka, kama kawaida yake, yakabaki maji ya kuchota ziwani. Ukaja unaimba. Nikakuzuia getini na kidumu cha njano mkononi.

"Kwanza mayi."

"Rosine, lakini nimeshinda!"

"Ziwa haijue ile. Kwanza mayi."

Ukacheka, ukaenda. Ulirudi bega limelowa, pumzi fupi, wimbo umekuishia njiani. Jioni ile uliahidi kitu kimoja tu, kutengeneza mlango wa choo, na ulikitimiza.

Wiki iliyofuata vumbi lilifika magotini. Kidumu kilikuwa kinakungoja.

"Leo hapana, mama."

"Leo pia. Kwanza mayi."

Ulinitazama kwa macho nisiyopenda kuyakumbuka, ukakinyakua. Nilisikia viatu vyako vikigonga mawe ya volkano mpaka kona, nikabaki pale roho juu.

Kumbe kidumu cha maji kina uzito uleule kwa aliyeshinda na aliyeshindwa. Njia ya ziwani ina mawe yaleyale. Wanawake wanaofua pale ufukweni wana midomo ileile, na mkubwa wao ni Mama Léoncie, ambaye hakuacha nafasi hiyo ipite.

"Papa Ange, Rosine amekufanya boyi ya nyumba?"

"Heri boyi ya Rosine kuliko boyi ya karata," ukamjibu.

Jibu hilo lilifika nyumbani kabla yako, likichekwa nyumba kwa nyumba. Nami nilicheka, peke yangu, nyuma ya mlango.

Ulipokitua kidumu, kwa mara ya kwanza uliniambia habari za mchezo. "Nilikuwa na as mbili, karata kubwa kabisa, Rosine. Nilicheza muzuri. Constant hakuwa na kitu, karata ya mwisho ndiyo ilimuokoa. Na ile siku nilikuja naimba, nilicheza mubaya kabisa. Mulinipigia makofi bure."

Mimi poker siijui. Lakini hapo nilikuelewa. Karata inakuja inavyotaka; chako ni namna unavyoicheza, na namna unavyoingia kwako. Kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga: methali hiyo nimeisikia tangu utoto, ila sikuwahi kuiona ikibeba kidumu.

Basi, kwanza mayi ulipokuja kwa pikipiki. Kwanza mayi ulipokuja kwa mguu. Kwanza mayi hata mvua ikinyesha, na mvua yenyewe ilikuwa maji. Sisemi ulibadilika kama malaika. Kuna Jumamosi ulikipiga kidumu teke, kikaviringika mpaka kwa jirani, ukalazimika kwenda kukiomba kwa adabu. Lakini ulikwenda. Ziwa likakuosha miguu mpaka magotini, nami nikakosa pa kusoma.

Jumamosi iliyopita nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, mgongo kwenye geti. Nikasikia kidumu kikitua. Nikasikia na miguu mingine, midogo, ikitoka ndani mbio. Ange alinipita. Hakusimama, hakunitazama, hakuniuliza kitu.

"Papa, ona! Jino imetoka!"

Ukapiga magoti palepale kwenye mawe, shati linachuruzika, ukachungulia kinywani mwake kwa uangalifu wa fundi. Ukamuuliza kama liliuma. Akasema hapana, kisha akasema kidogo, kisha akakuegemea huku akikusimulia habari yote tangu mwanzo, muhogo aliouma, damu, jinsi alivyojikaza asilie.

Nilishusha pumzi, Papa Ange. Pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, mpaka ikabidi niuegemee mchi.

Tulikula sombe ile. Uliomba nyongeza. Mlicheka kwa sababu wali ulikuwa unamtoroka penye pengo, ukamwekea samaki aliyechambuliwa miiba, akalala kabla sahani hazijaoshwa, nawe ukambeba kitandani.

Mpaka leo sijui kama siku ile ulishinda au ulishindwa. Nilisahau kuuliza.