Gramu Zilizopelekwa Nyumbani

Fimbo mbili za kuvulia zilikuwa juu ya meza ya jikoni, na Rifet alikuwa akizipima moja baada ya nyingine kwenye mizani ambayo mkewe, Hasnija, hupimia sukari. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, ya zamani, nene na nzima kabisa. Ya pili ilikuwa ya kaboni, nyepesi hivi kwamba mshale wa mizani ulisitasita kabla ya kukubali kwamba umewekewa kitu. Hii ilikuwa ya dukani. Ekrem muuza zana za uvuvi alikuwa amemwazima kwa usiku mmoja, kwa kuwa anamjua mtu wake: Rifet hanunui hata kifungo bila kulala nacho kwanza.

"Inanipunguzia gramu mia na kumi," Rifet alisema. "Lakini ukipiga hesabu, kila gramu inanitoka marka tano. Marka tano kwa gramu ya hewa, Hasnija. Hata zafarani ina aibu kidogo."

Hasnija alikuwa akivuta donge la unga wa pita, ule mkate wa tabaka nyembamba, kwenye nusu ya meza aliyoachiwa. Alilivuta kwa migongo ya viganja mpaka likawa jembamba la kuonyesha maua ya kitambaa kilicho chini yake.

"Na bega linasemaje?" aliuliza.

"Bega linasema ninunue jana."

"Basi lisikilize. Wewe usiku unalala, mimi ndiye ninayelisikia likilalamika."

Bega la Rifet liliharibikia kwenye kiwanda cha mbao, alikofanya kazi mpaka kilipofungwa. Tangu hapo kilichombakia duniani ni vitu viwili, Hasnija na mto Una, na ili kuufikia mto pale penye samaki wa maana ilimbidi apande na mzigo wake hadi maporomokoni. Wenzake waliopanda naye walikuwa wamekwisha nunua vyepesi vyote, na walipofika walikuwa bado na pumzi ya kumcheka.

Asubuhi walikwenda dukani pamoja. Rifet alilipa, akapewa risiti, na Ekrem akauliza kama anavyouliza kila mara:

"Na uzito uliopungua, nikupelekee wapi, jirani?"

Katika mji ule uzito hautupwi. Kitu kikifanywa chepesi, uzito wake wa zamani lazima uende mahali, na muuza duka mwaminifu humwuliza mteja anwani. Ekrem ni mwaminifu. Zamani kulikuwa na mzee mmoja aliyetaka wake upelekwe halmashauri, ukarudishwa kwa maelezo kwamba wahusika wako kwenye chakula cha mchana. Wanaume wengine wote hujibu jibu moja, na hulijibu wakiwa wanatafuta funguo za gari mfukoni.

"Nyumbani," Rifet alisema.

Hasnija alisikia. Alikuwa akiangalia ndoano zilizopambwa manyoya ya kanga, akiwaza ni nani mwenye vidole vya kufunga vitu vidogo namna ile.

Uzito ulifika alasiri, Hasnija akivua viatu mlangoni. Haukuwa wa kwanza kumfikia. Ile suruali ya mpira ya kuingilia majini, ambayo Rifet aliibadilisha na ya kitambaa chepesi, uzito wake ulikaa kwenye magoti ya Hasnija. Kigurudumu cha kukunjia mshipi kilikaa kwenye kiwiko cha kushoto, na wavu wa kuopolea samaki ulikuwa pale mgongoni ambapo mkono haufiki. Hayo alikwisha yazoea. Lakini fimbo ni fimbo, na wavuvi wote wanajua kwamba gramu ya dukani ni kilo moja ukifika maporomokoni, na kinacholetwa nyumbani ni uzito wa maporomokoni. Kizingiti kilizama upana wa kidole.

"Umefika," alisema.

"Nini?" Rifet aliuliza. Alikuwa uani, akirusha mshipi mtupu juu ya kabichi.

"Uzito."

"Ah. Ekrem hacheleweshi," Rifet alisema, akarusha tena, na mshipi ukaenda mbali na kutua taratibu mwisho wa bustani.

Tusimwonee Rifet. Alimpenda mkewe kwa moyo wake wote na hakuwa mtu wa kukaa akitazama. Juma lile lile alishuka chini ya sakafu ya jikoni akaweka nguzo tatu za mwaloni. Akamtengenezea benchi nene la kukalia, akalipiga msasa mpaka likateleza, akachonga ua kwenye egemeo. Mke wa jirani, Nevzeta, alipokuja kunywa kahawa alilipapasa lile ua kwa wivu.

"Wangu mimi hajaniwekea hata kigingi," Nevzeta alisema. Mumewe alikuwa mwindaji, na bunduki yake mpya ilikuwa nyepesi ajabu. Nevzeta alitembea akiwa ameinamia upande mmoja.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini, shoga? Anajua. Ananiambia nipumzike."

Wakacheka, wakaongeza kahawa. Wanawake wa mtaa ule walikanyaga kwa kishindo, na mtu aliyelala mchana aliweza kujua ni nani anayepita njiani bila kufungua macho.

Mwezi wa nane binti yao Elvira, aliyeolewa ng'ambo, huko Graz, alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa wa kwanza, na alikuja kwa shida. Elvira alipiga simu akiwa bado kitandani, sauti yake ikiwa ndogo kama ya siku zile alipokuwa akiamshwa kwenda shule.

"Mama, utakuja unikalie arobaini?"

"Ijumaa niko kwenye basi."

Hakuna mama wa mji ule asiyemkalia binti yake arobaini. Mama yake Hasnija alimkalia yeye, akamwogesha, akamlisha supu, akamwondolea wageni waliozidi. Baada ya arobaini mtu unaweza kwenda, lakini unakwenda kama mgeni, unawekewa kitanda cha sebuleni na kuulizwa umesafirije. Hasnija hakutaka kuulizwa amesafirije. Alitaka kuushika mgongo wa mwanawe na kumpakata yule mtoto akiwa bado hajui kutazama.

Tatizo lilikuwa basi. Hata ngazi za nyumbani alizishuka kwa kushauriana nazo. Kwa hiyo alikwenda kwa Ekrem, akaenda polepole akipita pembeni mwa barabara pasipo na lami mpya, akauliza kama kuna namna.

"Namna iko," Ekrem alisema. "Rifet avae vitu vyake vya zamani, abebe fimbo ya zamani. Akibeba, uzito unakuondoka papo hapo. Akitua, unarudi. Duka halina ujanja mwingine, dada, ningekuwa nao ningeutumia kwa mke wangu."

Rifet hakusubiri kuombwa mara mbili. "Nitabeba," alisema. "Nitakula navyo, nitalala navyo. Nenda kwa mtoto."

Ijumaa alfajiri alisimama uani amevaa suruali ya mpira mpaka kifuani, kigurudumu cha chuma mkononi, wavu mgongoni, na fimbo nene begani, lile bega baya, kwa sababu jingine lilikuwa limebeba mengine yote. Hasnija alikuwa juu ya ngazi na begi lake. Uzito ulimtoka kwa mpangilio ule ule uliokuja: magoti kwanza, kisha kiwiko, kisha pale mgongoni, na mwisho ule mkubwa. Akavuta pumzi ikaenda mpaka chini kabisa, mahali ambapo pumzi yake ilikuwa haijafika kwa miaka.

Akashuka ngazi mbili mbili. Alimbusu mumewe kwenye paji la uso lililokwisha lowa jasho.

"Unaweza?"

"Nenda, mwanamke, kabla sijaanza kusema ukweli," Rifet alisema.

Alikwenda. Nevzeta alimsindikiza, akimbebea sinia la vitumbua vya shira vya kumpelekea mzazi, na ilibidi amwite mara kwa mara apunguze mwendo. Hasnija alikuwa akiimba. Alivuka daraja akasimama katikati kuangalia maji, si kwa kuchoka, kwa kupenda tu. Alijisikia furaha iliyo wazi kabisa, ya kwenda mahali anapohitajiwa akiwa na miguu yake mwenyewe.

Basi lilikuwa tayari. Dereva, kijana wa Cazin mwenye adabu, alipokea begi akaliweka chini. Hasnija alichukua sinia kwa Nevzeta, akaweka mguu wa kulia kwenye ngazi ya basi, kisha wa kushoto.

Saa ile ile, uani, jirani yao Omer alikuwa ameegemea uzio. Alikuwa amesikia habari za fimbo ya kaboni na hakuwahi kuiona ikipinda. Rifet alimwambia ingia, akaweka chini ile nzito, akaweka chini kigurudumu, akavua suruali ya mpira kwa kuwa mtu hawezi kurusha vizuri akiwa ameivaa, akaenda kuileta nyepesi. Ilikuwa kwa dakika moja tu.

Ngazi ya basi ilijikunja kama karatasi. Basi lote likaegemea kulia, na abiria waliokuwa wamekaa wakashika mikoba yao, wakangoja. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja dirishani alisema, "Mumewe mvuvi," na mwenziwe akasema, "Masikini."

Dereva alishuka. Alimshika Hasnija mkono kwa heshima zote.

"Mama, ingekuwa ni mimi ningekubeba mpaka Graz. Lakini ekseli haina huruma."

"Ngoja kidogo," Hasnija alisema. "Pengine amepumzika tu."

Wakangoja. Dereva alivuta sigara, akavuta na ya pili, akatengeneza ngazi kwa nyundo. Abiria walimtazama Hasnija kwa wema, kila mmoja akiwa na safari yake. Mwishowe alimkabidhi yule mama wa dirishani sinia la vitumbua na anwani ya Elvira, akarudishiwa begi lake, na basi likaondoka. Nevzeta alimshika mkono, wakarudi wawili, wakiinama pande tofauti.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limeshapita juu ya paa. Rifet alikuwa amekaa kwenye benchi la mwaloni, mikono katikati ya magoti. Vitu vizito vilikuwa miguuni pake.

"Omer alitaka kuiona ikipinda," alisema.

Hasnija aliliweka begi chini.

"Nilikumbuka niliposikia honi ya basi darajani. Nilivivaa vyote tena, Hasnija, wallahi, nikakimbia navyo mpaka kwenye kona." Akaanza kulia, mtu mzima, bila kujifuta.

Hasnija alikasirika. Alikasirika hata akatamani kumkalia, jambo ambalo lingemaliza mambo yote kwa upande wa Rifet. Kisha akaliona bega. Mkanda wa wavu ulikuwa umeacha alama ya bluu kutoka shingoni mpaka kwenye kwapa, na mkono ulikuwa umeanza kuvimba. Akaingia ndani, akachemsha majani ya kabichi, akarudi kumkanda. Alimkanda kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika, na Rifet hakuthubutu kusema kwamba anaumia.

"Ijumaa ijayo," Rifet alisema.

"Ijumaa ijayo," alisema yeye.

Ijumaa iliyofuata Rifet hakuweza kuinua hata kijiko. Iliyokuja baada yake alijaribu, akafika na mzigo hadi mlangoni, akaanguka, na Hasnija ndiye aliyemvua suruali ya mpira na kuitundika mbali asiione. Arobaini ikaisha siku ya Jumanne. Elvira aliikaa na wifi yake, ambaye alikuwa mtu mwema na alipika supu ya pakiti.

Vuli ilipoingia, bega lilipona kiasi cha kurusha fimbo nyepesi, lakini si cha kupanda maporomokoni. Rifet akatoa mtumbwi wa baba yake, akauziba. Sasa alihitaji nanga, kwa kuwa pale penye samaki wazuri mto Una haumwachi mtu akae. Alileta vipeperushi viwili kutoka kwa Ekrem na kuviweka mezani. Nanga ya chuma ilikuwa rahisi lakini nzito. Nyingine, ya kukunja, ilikuwa nyepesi na ya bei ya kutisha. Akaanza kupiga hesabu za marka kwa gramu.

"Nanga ya nini," Hasnija alisema bila kugeuka kutoka kwenye jiko, "na mimi nipo?"

Rifet alitazama visigino vya mkewe. Kisha akavikunja vipeperushi.

Wakaenda wote wawili. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kumchukua kuvua, na sasa alimtandikia blanketi nyuma ya mtumbwi, akamwekea kahawa kwenye chupa. Mtumbwi ulididimia mpaka maji yakakaribia ukingo, lakini ukaelea. Walipofika mahali penyewe Hasnija aliteremsha miguu majini, visigino vikashika mawe ya chini, na mtumbwi ukasimama tuli katikati ya mkondo. Hakuna nanga mjini iliyowahi kushika vile. Maji yalikuwa baridi, ya kijani, na yalimpita magotini kwa haraka. Alipapenda mahali pale. Alimtazama mumewe akirusha mshipi kwa mkono laini usio na maumivu, akaona jinsi anavyopendeza akiwa hana mzigo, na akafurahi kwa ajili yake, kweli akafurahi.

Simu ililia. Elvira alimwinua mtoto mbele ya kioo cha simu. Alikuwa amenenepa, ana nywele, na alikuwa akitazama vitu sasa, akimtazama kila mtu kana kwamba amechelewa.

"Unakuja lini, mama?"

"Msimu ukiisha," Rifet alijibu kutoka mbele, akiwa hajageuka.

"Msimu wa nini, baba?"

Rifet hakusikia. Alikuwa ameona kivuli kikipanda chini ya mwamba, kikubwa, cha taratibu.

"Hasnija, roho yangu," alinong'ona, "sogea kidogo kushoto."

Hasnija aliinyanyua simu juu, mtoto asilowe, akasogea.