Upepo wa Saa Kumi na Mbili

Projest alianza kuogopa pale alipoona moshi unamtii.

Wala haukuwa moshi wa kweli. Ulikuwa vidoti vyekundu kwenye kioo cha kompyuta, juu ya meza ya ghala kuukuu la kahawa pale Chonyonyo, jenereta ikinguruma nje. Mwaka ulikuwa 1993, na wazee waliojipanga nyuma ya mhandisi Mutalemwa walikuwa hawajawahi kuona kompyuta maishani mwao. Mutalemwa alikuwa ametoka Dar es Salaam kuja kuteketeza mapipa ya dawa ya mibuni iliyoharibika, sumu iliyokaa ghalani humo miaka mpaka mapipa yakaanza kuvuja. Alikuja na tanuru la kukokotwa na gari, na alikuja na hiyo kompyuta. Unaiambia upepo unavuma vipi, alisema, nayo inakuonyesha moshi utafika wapi kabla hujawasha kiberiti.

Akabonyeza. Vidoti vikatoka ghalani, vikapanda magharibi, vikaenda kupotelea kwenye vilima vya malisho. Pale alfajiri hapana mtu wala ng'ombe. Ndiyo maana, alisema, kesho tunawasha saa kumi na mbili kamili, kabla wachungaji hawajatoka. Wiki iliyopita, kwenye kijiji cha Bugomora, yeye na watu wake walifanya hivyo hivyo, wakamaliza, wakafunga virago, wakaja huku. Wazee wakapiga makofi.

"Na wa kushukuriwa ni mzee Projest," Mutalemwa akaongeza. "Bila daftari lake la upepo nisingekuwa na kitu."

Makofi tena. Projest akatabasamu kwa meno tu.

Sasa sikilizeni ubaya wa jambo lenyewe. Kwa miaka minne Projest ndiye aliyekuwa msomaji wa vipimo vya hali ya hewa pale nje ya ghala: mvua, joto, na kile kishale kinachoonyesha upepo. Asome saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa tisa. Saa tatu alisoma. Saa tisa alisoma. Lakini alfajiri, jamani, alfajiri mtu ana shimo lake la ndizi. Ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, huvundikwa shimoni kwa moshi, na ule moto wa pembeni usipochochewa alfajiri unazima, ndizi zinagoma kuiva, na kijiji kizima kinakucheka. Basi yeye alichochea moto wake, akaja kwenye vipimo saa tatu, akaandika upepo wa saa tatu, kisha akaunakili kwenye nafasi ya saa kumi na mbili. Kila siku aliyokuwa na shimo, na siku asizokuwa nalo kwa uvivu tu. Nani atausoma upepo wa Chonyonyo? Ndivyo alivyojiambia, mjinga yule.

Na upepo wa alfajiri aliujua vizuri kuliko kompyuta. Hauendi malishoni hata kidogo. Baridi ya vilimani huteremka taratibu kwenda bondeni, mashariki, na moshi wa shimo lake hutambaa nayo mpaka chini, ukajaa kule na kukaa mpaka jua lipande. Kule bondeni aliishi binti yake Vestina, aliyejifungua siku nne zilizopita.

Projest akashuka bondeni mbio mbio, mzee wa miaka sitini, akikwepa migomba. Alimkuta Vestina amelala na mtoto kifuani, mama mkwe wake, Eustadia, anakoroga uji. Baada ya shikamoo na habari za mtoto alisema alichokuja nacho: Vestina abebwe leo, apelekwe kwa shangazi yake ng'ambo ya kilima, arudi keshokutwa. Eustadia akamtazama kama amelewa. Mzazi hatoki nje kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, akasema, na baba mtu mzima anapaswa kulijua hilo. Kuna nini?

Angeweza kusema. Alifungua mdomo, akaona aibu, akasema ni moshi wa kesho.

Vestina akacheka kidogo. "Tata, moshi? Moshi wa shimo lako si tunaula sisi kila alfajiri? Mwanao huyu naye atauzoea."

Alimtazama mtoto, ngumi zake ndogo, pua isiyozidi punje ya mahindi. Akainuka bila kunywa uji na kuanza kupanda mlima, na njia nzima alisikia aina mbili za woga zikigombana ndani yake: woga wa kuitwa mwongo mbele ya watu waliompigia makofi, na woga wa ile pua. Alipofika ghalani jua lilikuwa bado limebaki kidogo. Mutalemwa alikuwa anafunga kompyuta.

Projest alisema yote akiwa amesimama. Hakujitetea. Shimo, moto, kunakili, miaka minne. Mutalemwa alifungua kompyuta tena, akabadili upepo wa saa kumi na mbili kama mzee alivyomweleza, akabonyeza, wakangoja.

Vidoti vikatoka ghalani, vikageukia mashariki. Vikateremka. Vilipofika bondeni havikupotea kama vile vya kwanza. Vilijazana, vikakaa, vikazidi kuwa vyekundu. Projest akaweka kidole kwenye kioo, pale penye nyumba ya Vestina.

"Kesho hatuchomi," Mutalemwa alisema.

Projest akavuta pumzi, na machozi yakamtoka hapo hapo. Alitaka kumshukuru. Lakini mhandisi huyo kijana hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama lile daftari mezani, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mzee," akasema polepole, "Bugomora hakuna vipimo. Karibu na kule hakuna daftari jingine ila hili lako. Kule pia tulitumia namba zako, zile zinazotumwa Dar."

Projest hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Mlichoma saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi."

"Na ghala lao liko wapi?"

"Mlimani. Watu wako chini." Mutalemwa akazima kompyuta. "Tuliondoka siku ile ile. Hatukurudi kuuliza."

Jenereta ikaendelea kunguruma. Mhandisi akachukua ufunguo wa gari, akafungua mlango wa abiria, akasimama akingoja. Projest alilitazama bonde, ambako moshi wa jikoni kwa Eustadia ulikuwa unapanda wima kwa amani. Kisha akalichukua daftari lake, akalikumbatia, akapanda gari.