Palipoandikwa Okoa

Aliingia kwa mgongo. Aliusukuma mlango kwa kisigino, akageuka, ndipo tukaona viganja vyake vimebeba kitambaa cha jikoni, na juu ya kitambaa kuna saa. Kibao cha mlango wa karakana kilikuwa kimegeuzwa upande wa "Tumefunga", kwa sababu mimi na mjomba tulikuwa tunakula. Mjomba alimtazama mtu yule aliyeujaza mlango, nyusi nyeupe, masikio meupe, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, akamwambia, "Ndugu yangu, kama umefufuka leo, anzia kwa watu wa kwenu."

Mgeni hakucheka. Alisema yeye ni mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, ameacha unga unaumuka, hana muda. Saa ni ya mdogo wake wa kike, ambaye watu humwita Sindano kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyoupenya msitu. Hukimbia njia za milimani, peke yake, mbio za kutwa nzima. Na ana pumu. Kwa hiyo yeye, kaka mtu, alimnunulia saa hii inayosoma setilaiti na kutuma mahali alipo hadi kwenye simu yake mwenyewe. Mwoka mikate huiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, hukanda unga huku akiiangalia nukta ya buluu ikipanda mlima.

Shida ni kwamba nukta hupotea. Inatembea vizuri, halafu kimya, kama taa iliyozimwa. Baadaye Sindano hurudi nyumbani amechelewa, amenuna, haongei. Mwisho alivua saa, akaiacha mezani kando ya unga, akasema haina faida kwake. Siku hizi anakimbia bila kitu mkononi.

"Hata akianguka huko, sitajua nianze kumtafuta wapi," alisema. "Itengenezeni, aivae. Sina mwingine."

Mjomba aliacha kula.

Kazi nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa nimemaliza chuo, na mjomba alipenda kuniita Injinia mbele ya wateja, wakati mwingine kwa fahari, wakati mwingine kwa kejeli. Karakana yetu ina sheria moja isiyovunjwa: kifaa chochote kikiingia, kabla hujashika bisibisi, unabadilisha lugha yake iwe Kiingereza. Mjomba husema mashine huugua kwa lugha ya mama yake. Miongozo yote iko kwa Kiingereza, na yeye aliwahi kupoteza asubuhi nzima akitafuta neno moja kwenye simu iliyokuwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo niliiwasha saa ya Sindano, nikaigeuza lugha pale pale bila kuiangalia mara mbili.

Nilianza na ya kawaida. Niliipa taarifa mpya za setilaiti, maana saa isiyojua setilaiti zimefika wapi huzitafuta hadi ichoke. Nikaipanga iandike njia kila sekunde badala ya kubana chaji. Nikaondoa kava la chuma alilokuwa ameivisha. Kisha nikaivaa, nikaenda kukimbia nayo kwenye miti mirefu iliyo nyuma ya shule, mimi ambaye mbio zangu za mwisho zilikuwa za kuwahi mtihani.

Saa ilishika vizuri. Chini ya majani mazito njia iliyochorwa iliyumba kama mlevi anayerudi kwake, lakini haikukatika. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Nilifungua mbio za zamani za Sindano, nikaona njia zake zimekatwa safi, kama uzi uliopitiwa na mkasi. Miti haifanyi hivyo. Miti huchafua. Na chaji ilikuwa nyingi kila mara. Nilipotazama ramani kwa makini niliona kuwa mikato yote iko kwenye miinuko mikali, na juu ya mwamba mmoja ilijirudia zaidi ya mara moja. Nilimwonyesha mjomba. Akasema labda mwamba una chuma. Nikapenda jibu hilo, maana lilikuwa la kisayansi na halikunidai kitu.

Mwoka mikate aliporudi nilimwambia ukweli: saa nimeisafisha, nimeipanga upya, lakini kasoro yenyewe sijaiona. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Nikawa namrudishia saa kama alivyoileta, yaani nairudisha kwenye Kiswahili, na kwa mazoea nikapita kwenye menyu kuhakikisha kila kitu kimekaa sawa. Mahali ambapo kwa Kiingereza paliandikwa kubana matumizi ya betri, palisomeka neno moja tu, kwa herufi kubwa nyekundu.

OKOA.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli. Nikamgeuzia saa aone. Nikamweleza kuwa hawa waliotafsiri wana vituko, walitaka kusema okoa chaji, wakaishia njiani, sasa mtu akisoma anaweza kudhani saa imeokoka.

Mjomba alicheka pia. Mwoka mikate alibaki anaangalia.

"Mtu akibonyeza hapo, inakuwaje?" aliuliza.

"Inazima vitu vinavyokula chaji. Kwanza kabisa inazima seti—"

Mwoka mikate alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nikaona tena ule mwamba kwenye ramani, na mkato, na mkato, na mkato.

"Alikuwa ananiita," alisema.

Mjomba alinyanyuka akamsogezea kiti, lakini mtu yule hakukaa. Alisema taratibu, kama anayesoma maandishi ya mbali, kwamba siku ya kwanza kuipokea saa, Sindano alimuuliza itakuwaje akibanwa kifua huko juu. Naye akamwambia, ubonyeze tu, nitakuja. Halafu siku moja alirudi akamuuliza, kaka, ulikuwa wapi? "Nikamwambia nilikuwa hapa hapa nakanda. Nikamwambia nilikuona ulivyopotea, nikajua saa imezingua tena. Na nilicheka. Unasikia? Nilimwambia nilikuona."

Aliniomba niende naye nyumbani, kwa sababu yeye akisema hataaminiwa.

Tulimkuta Sindano jikoni, anafunga kamba za viatu. Kaka yake alisimama mlangoni akashindwa kuanza. Nikaanza mimi, vibaya, kwa maneno ya chuoni, hadi Sindano akanikatiza. "Dada, sema kama unamwambia mtu." Nikaweka saa mezani. Nikamwonyesha Okoa, nikabonyeza, na kwenye simu iliyoegemea kopo la chumvi nukta ya buluu ikazimika mbele ya macho yake. Kisha nikamwonyesha ilipo alama ya kweli ya kuomba msaada, kitufe cha juu unachokishikilia, mahali palipoandikwa "Usaidizi".

"Hiyo niliiona," alisema. "Nilidhani ni maelekezo ya kutumia saa. Nani anasoma maelekezo huku roho inamtoka?"

Alikaa chini na kiatu kimoja. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile, kama nyumba inayofunguliwa madirisha baada ya msiba, hujui kama ni hewa inaingia au ni vumbi linatoka. Alitusimulia yote bila kupandisha sauti. Mara ya mwisho pampu yake ya pumu ilikuwa imeisha. Alikaa kwenye mwamba ule akabonyeza, akabonyeza tena. Akazima sauti ya saa ili asikie vizuri.

"Nilikuwa nasikilizia miguu yako," alimwambia kaka yake. "Nilisikiliza hadi pumzi iliporudi yenyewe. Nikasema, basi, nimejua."

Mwoka mikate alilia pale pale, bila kuficha, machozi yakichora mistari kwenye unga wa mashavu. Akasema, bonyeza kweli sasa, siku yoyote, nitakuja. Sindano akajibu kwamba hayo aliyasema na mwanzo. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Baada ya siku chache Sindano alipita karakanani akaniomba nipande naye mlimani kuijaribu saa pale pale ilipokuwa inakatika. Mjomba alisema Injinia akapimwe mapafu kwanza. Nilikwenda. Tulipita dirisha la tanuri, tukamwona kaka yake akisukuma trei za mikate ya hoteli mpya, kazi aliyoitafuta mwaka mzima. Alitupungia koleo.

Tulipanda hadi nikaacha kuongea. Kwenye mwamba ule kulikuwa na upepo, na chini yetu njia ilionekana ikijikunja hadi mtaani. Nikatoa simu nimwambie mwoka mikate kwamba tunafanya jaribio, asishtuke. Ndivyo fundi anavyotakiwa. Sindano alikuwa ameshashikilia kitufe cha juu. Saa ilitetemeka, ikaandika: Ujumbe umetumwa.

"Dada, tumpigie tumwambie ni jaribio," nilisema. "Ana mikate ya watu."

Aliuweka mkono wake juu ya simu yangu. "Niache nijue."

Nilitamani kumkatalia. Nilijua ni ukatili, na nilijua pia kwamba hakuna kipimo kingine ambacho kingemtosha. Nikaiweka simu mfukoni. Tulikaa. Upepo ulipotulia nilimsikia akipumua, na nikaona kwamba ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

Nilianza kuhesabu visingizio kwa niaba ya kaka yake. Hajaiona simu. Yuko na mtu wa hoteli. Mtu mnene kama yule mlima huu haumwezi. Kisha kijiwe kilibingirika chini yetu, na kingine, na tukasikia kitu kama mfuko wa unga unaoburutwa.

Alitokea kwa mikono na magoti. Aproni ilikuwa imechanika, mguu mmoja una ndala na mwingine uko peku, unatoka damu. Alimtazama mdogo wake kuanzia kichwani hadi miguuni, akaingiza mkono mfukoni, akatoa pampu mpya ya pumu, akamnyooshea.

Sindano aliipokea. Hakuitumia. Aliishika tu kwa viganja viwili.

"Na mikate?" aliuliza.

Kaka yake aligeuka akatazama mtaani, ambako moshi mweusi ulikuwa unapanda juu ya paa moja.

"Inaungua," alisema, akakaa kando yake.