Treni Haikuanguka

"Treni haikuanguka," mama yake Paskali alisema. "Nyie wote mmerudi. Sasa mwanangu ameuawa na nini?"

Ilikuwa Kilimatinde, siku moja baada ya mazishi. Waombolezaji walikuwa wameanza kuondoka, na upepo ulikuwa unalipigapiga turubai tupu. Mimi na Paskali tulikuwa mafundi wa behewa la vipimo kwenye treni ya majaribio ya reli mpya. Viti vyetu vilikuwa jirani.

Niliokota vikombe viwili vya plastiki, nikavifunga mdomo kwa mdomo, nikaviviringisha juu ya fito mbili. Vilikwenda vikiyumba kidogo, kushoto, kulia, kisha vikanyooka.

"Gurudumu la treni limechongwa hivi, mama. Upande wa ndani mnene, wa nje mwembamba. Likienda pembeni, umbo lenyewe linalirudisha katikati. Lakini likishalika, na mwendo ukiwa mkali, linarudi kwa nguvu mno. Linapita katikati, linarudi tena, na kuyumba hakutulii. Siku ile tulikuwa tunatafuta mwendo ambao kuyumba huko kunaanzia."

"Mkaupata."

"Tukaupata."

Dereva alifunga breki, na treni ikasimama salama juu ya reli zake. Lakini kabla haijasimama, behewa lilitupwa huku na huku, na Paskali akagonga kichwa kwenye kabati la chuma.

"Mbona nyie hamkugonga?"

"Tulikuwa tumefunga mikanda."

"Na yeye?"

Witness, binti tuliyefanya naye kazi, alikuwa amenisihi nisiseme. Hata mazishini hakuja. "Nitamtazamaje mama yule?" aliniuliza kwenye simu, akilia. Ningeweza kusema mkanda ulikatika. Nilikwisha kufungua mdomo niseme hivyo, kisha nikamwona mama alivyoniinamia, kama mtu mwenye kiu.

"Aliufungua mwenyewe," nikasema. "Witness alikuwa amesimama kurekebisha waya, akarushwa. Paskali akamdaka, akamsukumia kitini. Yeye hakuwahi kurudi kwenye chake."

Mama alijifuta uso kwa pindo la khanga.

"Huyo binti yuko wapi?"

"Manyoni. Amejifungia ndani."

"Mpigie."

Nilipiga, nikampa simu. Sauti ya Witness ilitoka nyembamba, ikikatika.

"Shikamoo, mama."

Mama alifumba macho.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Umekula?"