Panga Halimo Kwenye Utafiti

Wewe msomaji, unajitia hukuona. Ulikuwepo Bariadi mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba. Ukaliona gari jeupe la taasisi ya kuchunguza usalama wa dunia, limeegeshwa nje ya gesti. Ukamwona na Kabula, miguu vumbi tupu, amesimama kando yake. Ukageukia mizani ya pamba.

Kabula alitoka Nkololo kwa miguu. Jirani yao Mayala alifiwa na mtoto, mganga akamtaja mama yake Kabula, Nyanjige, kwamba ndiye mchawi. Ushahidi ni macho mekundu, macho yaliyokula moshi wa samadi miaka yote. Vijana walishapita uani wakamwambia aage ndugu zake. Angepiga mwano, lile yowe ambalo kijiji kizima hulazimika kulikimbilia? Wangekuja hao hao. Ndio walinzi wa kijiji.

"Mwadila, baba," alimsalimu mtafiti wa gari lile, bwana Danford, aliyetoka Dar.

"Karibu mama. Umekuja kuhusu silaha?"

"Ndiyo."

Danford akafurahi, akafungua kalamu. "Bunduki aina gani? Zinapita mpaka upi?"

"Panga, baba. La Mayala. Halipiti mpaka, linaruka ua tu."

Dereva akacheka. Danford hakucheka, ila kalamu aliifunga. "Panga halimo kwenye utafiti. Sisi tunaangalia silaha za moto, amani ya ukanda mzima."

"Na mayo, mama yangu, si wa ukanda huo?"

"Mama, nielewe..."

"Nimekuelewa. Usiandike. Mbebe tu mpaka Maswa kwa kaka yangu. Gari lina nafasi, nimechungulia."

"Sisi ni taasisi huru. Tukimbeba mtu, tumeshaegemea upande."

"Upande wa panga una watu tele. Huku niko peke yangu."

Danford akatazama saa, akasema wanawahi semina Mwanza. Semina ya usalama! Gari likaondoka, vumbi wakamwachia yeye.

Kabula alirudi mbio. Akawakuta vijana nje ya ua, Mayala katikati, wanatafuna miwa kama watu wanaosubiri ngoma ianze.

"Umetuletea wageni, dada?"

Akaingia, akamsukuma mama yake ndani kabisa, akakaa mlangoni, miguu ameinyoosha, atakayepita amkanyage yeye kwanza.

Bado amekaa hapo. Na wewe unasoma. Acha! Una gari, au unamjua mwenye gari. Malori ya pamba yanarudi matupu kila siku. Washa, uje Nkololo sasa hivi, umtoe Nyanjige angali hai.